Kingamwili Kwanza: Utambuzi na Tiba ya Magonjwa ya Mayelini kwa Vijana wa Mombasa

Katika mihadhara ya tiba Afrika Mashariki bado hurudiwa dai kwamba skilerosisi nyingi, ugonjwa ambao wenye nao huuita kwa herufi mbili tu, MS, ni maradhi ya nchi za baridi na ya watu weupe. Ni dai la zamani, lina takwimu za kulisimamisha, na vizazi vya madaktari wamefundishwa hivyo. Tangu Shirika la Afya Duniani liingize dawa tatu za MS katika Orodha ya Dawa Muhimu mwezi Julai 2023, limezuka dai jingine la upande wa pili: kwamba Kenya iharakishe kununua mashine za MRI na dawa zilezile zitumikazo Ulaya, ili mgonjwa wa Mombasa atibiwe sawasawa na wa Stockholm. Makala hii inapinga yote mawili. La kwanza linamnyima kijana wa Pwani utambuzi. La pili laweza kumpa utambuzi usio wake, na juu yake dawa ya kumdhuru.

Hoja yangu ni hii. Kijana wa Pwani ya Kenya akipofuka jicho kwa siku chache, akipooza miguu, au akishikwa na kwikwi isiyokatika, swali la kwanza linalostahili kujibiwa ni kama damu yake ina kingamwili dhidi ya akwaporini-4, alama ya ugonjwa mwingine unaofanana na MS. Swali la MS lifuate baadaye. Na pale jibu linapochelewa, dawa ya muda mrefu ichaguliwe miongoni mwa zile zinazofaa ugonjwa huu na ule.

Ninaandika kutoka Tudor, na mahali hapa pana uzito katika hoja yenyewe. Mtaa huu una hospitali ya kaunti, una Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa chenye maelfu ya vijana walio katika umri hasa ambao magonjwa haya huanza, na si mbali kwa tuktuk kutoka Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani. Lakini ukimhitaji bingwa wa mishipa ya fahamu, uwezekano ni mkubwa utaambiwa upande basi au treni uende Nairobi, karibu kilomita 480. Njia ya kijana huyo, kutoka dalili ya kwanza hadi jina la ugonjwa, ndiyo ninayoipima hapa.

Mayelini ni utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva, kama mpira unaofunika waya wa umeme. Ukibanduka, ujumbe wa ubongo hupita kwa kusuasua au hukatika kabisa. Katika MS kinga ya mwili hushambulia utando huo ndani ya ubongo, katika neva za macho na katika uti wa mgongo, tena kwa vipindi: shambulio, nafuu, kisha shambulio jingine mahali pengine. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu jijini Paris mwaka 1868. Huanza zaidi kati ya umri wa miaka 20 na 40, na wanawake wanaougua ni mara mbili hadi tatu ya wanaume.

Dai la jiografia

Takwimu zenyewe sizikatai. Atlasi ya MS ya mwaka 2020 ilikadiria wagonjwa milioni 2.8 duniani, yaani kama 36 kwa kila watu 100,000. Ulaya kiwango kilizidi 140. Afrika hakikufika 10. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuelezwa yote kwa uhaba wa mashine. Lakini hesabu ya wagonjwa waliotambuliwa hufanywa na watu wenye uwezo wa kutambua, na ukizisoma kwa mfululizo makala za Kenya kuhusu MS utaona jinsi uwezo huo ulivyobadili picha. Foster na Harries waliandika juu ya ugonjwa huu kwa Mwafrika katika jarida la British Medical Journal mwaka 1970, wakati ambapo mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa habari. Mwaka 1989 Adam aliandika katika East African Medical Journal, naye Kioy akaandika katika jarida hilohilo mwaka 2001 juu ya sura ya MS iliyoanza kujitokeza nchini. Mwaka 2021 Jamal, Sokhi na wenzao wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, wakachapisha rejista ya wagonjwa ambao wengi wao walikuwa wanawake, na ambamo Wakenya wa asili ya Kiafrika na Wasomali walikuwa na sehemu kubwa. Ndani ya nusu karne tumetoka kwa mgonjwa wa kushangaza tukafika kwenye rejista. Wapo watakaosema ugonjwa umeongezeka. Huenda umeongezeka kweli, lakini kilichoongezeka kwa hakika ni wataalamu wa kuutambua, na karibu wote wako Nairobi. Pwani haina rejista yake.

Kuhusu kinga ya rangi, jambo hili lilipaswa kuwa limekwisha tangu 1990. Mwaka huo Elian, Nightingale na Dean walionyesha kwamba watoto waliozaliwa Uingereza na wahamiaji kutoka Bara Hindi, Afrika na visiwa vya Karibi waliupata MS kwa kiwango kinachokaribia kile cha Waingereza wenyewe, ilhali wazazi wao waliuepuka kwa kiasi kikubwa. Damu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mahali walipokulia. Virusi vya Epstein-Barr, ambavyo historia yake inaanzia kwa Denis Burkitt na uvimbe wa taya za watoto wa Uganda, sasa ndivyo vinavyoshukiwa zaidi: uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, uliochapishwa mwaka 2022, uliona hatari ya MS ikipanda mara 32 baada ya maambukizi. Watoto wa Afrika Mashariki karibu wote huvipata virusi hivi wakiwa wadogo sana, umri ambao madhara yake ni machache. Kwa familia za Mji wa Kale zenye jamaa Muscat na Dubai, ambako MS imekuwa ikipanda, swali la mahali pa kukulia si la nadharia tu. Wapo waliobobea katika uwanja huo kuliko mimi. Ninalolihitaji kwa hoja hii ni kwamba hakuna msingi wa kibaiolojia wa kumwambia kijana mweusi kwamba hawezi kuugua MS.

Ndugu wa MS aliyesahauliwa

Hapo ndipo watetezi wa dai la pili wanaponiacha. Wao, wakishathibitisha kwamba MS ipo Kenya, hurukia moja kwa moja dawa za MS. Wanapita bila kusimama mbele ya ugonjwa mwingine unaofanana nao sana kwa nje.

Mwaka 1894, mjini Lyon, Eugène Devic na mwanafunzi wake Fernand Gault walikusanya wagonjwa waliopofuka na kupooza miguu ndani ya kipindi kifupi. Kwa zaidi ya miaka mia moja ugonjwa huo, neuromielitisi optika au NMO, ulihesabiwa na wengi kuwa tawi kali la MS. Mwaka 2004 Vanda Lennon wa Mayo Clinic, akishirikiana na watafiti wa Japani, alionyesha kingamwili iliyokuwamo katika damu ya wagonjwa wa NMO na isiyokuwamo katika damu ya wagonjwa wa MS. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba inalenga akwaporini-4, protini inayopitisha maji katika seli zinazoitwa astrositi. Astrositi ndizo zinazouawa kwanza, na mayelini huporomoka baadaye. Kwa hiyo haya ni magonjwa mawili yenye chanzo tofauti, ingawa mwisho wake kitandani waweza kufanana.

NMO haifuati ramani ya MS, na ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine wowote unatoka katika kisiwa cha Martinique. Mwaka 2016 Flanagan na wenzake walilinganisha kisiwa hicho, ambacho wakazi wake wengi ni wa asili ya Kiafrika, na wilaya ya Olmsted huko Minnesota, ambako wengi ni weupe. Walitumia vigezo vilevile na kipimo kilekile cha damu. Olmsted walikuta wagonjwa 3.9 kwa kila watu 100,000, na Martinique 10. Tofauti ya wagonjwa wapya ilikuwa kubwa zaidi: Martinique ilizidi Olmsted mara kumi. Tafiti nyingine zimeonyesha pia kwamba wagonjwa weusi huanza mapema kuliko weupe. Kwa hiyo, tukielekea kwa watu wa asili ya Kiafrika, MS hupungua na NMO huzidi. Daktari wa Olmsted anayemwona kijana mwenye neva ya jicho iliyovimba ana haki ya kufikiria MS kwanza. Daktari wa Tudor hana haki hiyo, kwa sababu uwiano wa magonjwa mawili mbele yake ni tofauti.

Najua Martinique si Mombasa. Mababu wa watu wa kisiwa kile walichukuliwa zaidi kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, na damu ya Pwani yetu imechanganyika na ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa karne nyingi. Hata hivyo NMO haikosekani Asia pia. Japani ni mojawapo ya nchi zilizoisoma kwa makini zaidi. Sensa ya 2019 iliihesabu Mombasa watu 1,208,333. Tukikopa kiwango cha Martinique, kaunti hii ingekuwa na wagonjwa wa NMO wapatao 120. Hata tukiigawa hesabu hiyo kwa mbili, bado ni watu ambao sehemu yao kubwa sidhani wanalijua jina la ugonjwa wao.

Basi wako wapi? Nadhani wako katika foleni za wagonjwa wa nje, kwa majina mengine. Tuchukue mfano, na ni mfano tu, wa binti wa miaka 24 anayeanza kwa kwikwi. Kwikwi inakaa siku tatu, wiki, wiki mbili. Halali, anatapika kila anachokula. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Inapita yenyewe. Miezi minne baadaye miguu inakufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, na mkojo unaziba. Hakuna anayemuuliza tena juu ya kwikwi, naye hana sababu ya kuitaja. Kumbe kwikwi ile ilikuwa shambulio la kwanza. Chini kabisa ya ubongo, katika sakafu ya ventrikali ya nne, kuna kipande kidogo cha tishu kinachosimamia kutapika. Kimejaa akwaporini-4, na kizuizi kinachotenga damu na ubongo ni dhaifu mahali pale, kwa hiyo kingamwili huingia bila kubisha hodi. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2015 vimeitambua dalili hii kuwa mojawapo ya sita za msingi za NMO. Kwa kijana mwenye kingamwili damuni, dalili moja kati ya hizo sita yatosha kuthibitisha ugonjwa, mradi maradhi mengine yanayofanana nao yameondolewa. Hakuna haja ya kungoja miguu ipooze.

Joto la Mombasa nalo huchanganya mambo. Wilhelm Uhthoff aliandika mwaka 1890 kwamba neva ya jicho iliyojeruhiwa hudhoofika zaidi mwili unapopata moto. Msimu wa kaskazi, kijana anayetembea saa saba mchana huona ukungu jichoni. Akifika nyumbani akaoga maji baridi, ukungu unaondoka. Kwa wanaomsikiliza, maradhi yanayokuja adhuhuri na kuondoka kwa maji ni ya mashetani au ya kujitia. Kijana wa kiume anayeyumba na kutamka maneno kwa uzito ana fungu baya zaidi: hudhaniwa teja, na kuna uwezekano mkubwa atafukuzwa mlangoni kabla ya kupimwa.

Sina lawama kwa familia zinazotafuta kombe. Kombe halimzuii mtu kwenda hospitali. Tatizo liko katika tabia ya ugonjwa wenyewe: mashambulio mengi hupungua, kwa sehemu, hata bila tiba. Nafuu ikija, sifa huchukuliwa na chochote kilichotangulia, liwe kombe, dripu au sindano za vitamini B, na mgonjwa hurudi nyumbani akiwa na hakika kwamba amepona. Wakati huo kingamwili imo damuni inasubiri. Uchunguzi wa Mayo Clinic wa mwaka 1999, kabla ya tiba za sasa, ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa wa NMO ya kurudiarudia wamepofuka jicho moja au yote mawili, au hawawezi kutembea bila msaada, ndani ya miaka mitano.

Mkakati wa kipimo

Mengi ya kumtenga mgonjwa huyu na wengine hayahitaji mashine. Kurunzi ikihamishwa haraka kutoka jicho zima kwenda jicho bovu, mboni ya jicho bovu hutanuka badala ya kusinyaa: neva imejeruhiwa. Kifuniko chekundu cha chupa ya dawa, kikionyeshwa kwa jicho moja moja, huonekana chekundu upande mmoja na cha kijivu upande wa pili. Mgonjwa akiinamisha shingo na kuhisi kama umeme unashuka mgongoni, uti wa mgongo wa shingo una kidonda. Afisa wa kliniki katika hospitali ya ngazi ya nne aweza kufanya yote haya kwa dakika chache, na aweza kuuliza swali ambalo kwa sasa haliulizwi: umewahi kupata kwikwi au kutapika kwa wiki nzima bila sababu kujulikana?

MRI ina kazi yake. Kidonda cha uti wa mgongo kinachovuka pingili tatu au zaidi huelekeza kwenye NMO, na vidonda vifupi vilivyotawanyika huelekeza kwenye MS. Maji ya uti wa mgongo nayo husaidia, hasa kuondoa kifua kikuu, kaswende na kichocho, ambacho kwa watu wa Kilifi na Kwale si jambo la kupuuzwa mgonjwa akiwa na uti uliovimba. Ninachokipinga ni mpangilio wa matumizi. Mradi wa serikali wa kukodi vifaa vya tiba, ulioanza mwaka 2015 na kuzifikia hospitali 98, ulitufundisha kwamba mashine hufika kabla ya msomaji wake. Picha ya MRI inahitaji mtu wa kuitafsiri, na tafsiri ya vidonda vya mayelini ni mojawapo ya zile zinazokosewa hata katika nchi zenye mabingwa wengi.

Kipimo cha kingamwili kwa njia ya seli kinajibu ndiyo au hapana. Hukamata wagonjwa wa NMO kama saba au wanane katika kila kumi, na kikisema ndiyo, ni nadra mno kusema uongo. Kinahitaji mililita chache za damu, ambazo zikitengwa vizuri husafiri bila shida. Mgonjwa hana haja ya kusafiri nazo. Ufundi wake ni wa kuangalia seli zinazong'aa chini ya darubini ya florisensi, na maabara zetu zilishawahi kuzoea darubini za namna hiyo katika kupima makohozi ya kifua kikuu, kazi ambayo sasa imehamia zaidi kwenye mashine za GeneXpert. Vichujio vya mwanga vitahitaji kuhakikiwa, na mafundi watahitaji kufunzwa upya, lakini hatuanzi kutoka sifuri. Kilifi, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka hapa, kuna kituo cha KEMRI na Wellcome ambacho kimekuwapo tangu 1989 na ambacho kupima kingamwili ni kazi yake ya miaka mingi. Chuo kilichopo Tudor kinafundisha sayansi ya maabara za tiba. Maabara moja ya Pwani, inayopokea sampuli kutoka Lamu hadi Lungalunga mara moja kwa wiki, ingetosha kwa miaka kadhaa ijayo.

Dawa inayosamehe kosa

Shambulio likiwa bado bichi, tiba ni ileile kwa magonjwa yote mawili: methilprednisoloni gramu moja kwa siku kupitia mshipa, siku tatu hadi tano. Hakuna haja ya kungoja jibu lolote la maabara isipokuwa kuondoa maambukizi. Mgonjwa wa NMO asipopata nafuu, plazma yake ibadilishwe, na hapa siku zina thamani. Uchambuzi wa Bonnan na wenzake wa mwaka 2018 uliona uwezekano wa kupona kabisa ukiwa asilimia 50 plazma ikibadilishwa siku ileile ya shambulio, na kati ya asilimia 1 na 5 baada ya siku 20. Siku 20 ni muda ambao kwa urahisi huishia katika rufaa, kutafuta kitanda na kuchanga nauli.

Baada ya hapo njia hugawanyika, na ndipo kosa la utambuzi linapogeuka kosa la tiba. Interferoni beta, dawa kongwe ya MS, ikitolewa kwa mgonjwa wa NMO haimsaidii, na taarifa kutoka Japani na Uingereza zimeonyesha mashambulio yakiongezeka. Natalizumabu na fingolimodi nazo zimeleta madhara ya namna hiyo. Kwa hiyo hospitali itakayoitikia wito wa kununua dawa za MS kama za Ulaya, bila kipimo cha kingamwili, itawatibu baadhi ya vijana wake kwa kuwapofusha haraka zaidi.

Rituksimabu iko katika nafasi ya pekee. Inaondoa seli B, na seli hizo zina mkono katika magonjwa yote mawili. Katika jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 38 wenye kingamwili za akwaporini-4 waligawanywa nusu kwa nusu: waliopewa rituksimabu hakuna hata mmoja aliyeshambuliwa tena, na kati ya 19 waliopewa dawa bandia, 7 walishambuliwa. Katika jaribio la Sweden la mwaka 2022 kwa wagonjwa wa MS, asilimia 3 ya waliopewa rituksimabu walipata shambulio ndani ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 16 ya waliopewa dimethili fumarati. Dozi ya Sweden ilikuwa miligramu 1000 mwanzoni, kisha 500 kila miezi sita: mara mbili kwa mwaka, jambo linalowezekana hata kwa mgonjwa wa Lamu. Rituksimabu ni moja kati ya zile dawa tatu za Shirika la Afya Duniani za 2023, pamoja na kladribini na glatirama. Nakala zake zimetengenezwa India tangu 2007, na wodi za saratani nchini zinaijua kwa sababu ya limfoma. Dawa mpya zilizoidhinishwa Marekani kwa ajili ya NMO tangu 2019, kuanzia ekulizumabu, ni nzuri, lakini kwa bei zake siziwezi kuziita sera kwa Kenya. Azathioprini na mikofenoleti, za bei nafuu, zibaki kwa asiyeweza kufikia rituksimabu.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ina Mfuko wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi. Mgonjwa wa mayelini anastahili kuwamo humo kwa tafsiri yoyote ya neno sugu. Hoja ya kifedha ni nyepesi: dozi mbili kwa mwaka dhidi ya mtu wa miaka 24 atakayehitaji kiti cha magurudumu, mpira wa mkojo na mlezi wa kudumu, ambaye kwa kawaida ni mama yake au dada yake aliyeacha kazi.

Pingamizi

Wenzetu wa Tanzania watanikumbusha Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1988 vijana wengi wa jiji hilo walipoteza uoni wa katikati wa macho yote mawili, baadhi wakiwa na ganzi ya miguu, na utafiti wa Plant, Mtanda na wenzao wa mwaka 1997 haukukuta ugonjwa wa mayelini bali jeraha la neva linaloelekea kuwa la lishe au sumu. Pingamizi hili ni la haki. Si kila kijana anayepofuka Pwani ana NMO. Lakini maradhi ya Dar huja taratibu, kwa macho yote mawili kwa kulingana, na hayarudii kushambulia baada ya nafuu. Zaidi ya hayo, kipimo cha damu ndicho kinachotuwezesha kutenganisha. Pingamizi linaipa hoja yangu nguvu.

Wengine watataja maambukizi. Rituksimabu yaweza kuamsha homa ya ini ya aina ya B, na hapo hakuna mjadala: kila mgonjwa apimwe kabla ya dozi ya kwanza, pamoja na VVU na kifua kikuu. Kuhusu kifua kikuu hofu imezidi ushahidi, kwani dawa hii haijaonyesha hatari ya kiwango cha dawa zinazozuia TNF, na prednisoloni ya miaka mingi, ambayo tunaitoa bila wasiwasi, si salama kuliko hiyo.

Lipo pingamizi la tatu ambalo silimalizi. Kuna ugonjwa wa kingamwili za MOG, uliopewa vigezo vyake mwaka 2023, ambao hupatikana sana kwa watoto na vijana, na ambao rituksimabu huuzuia kwa udhaifu. Kuna pia wagonjwa wa NMO ambao kipimo hakiwakamati. Kwao mpango huu unatoa jibu pungufu, ingawa hauwatupi mahali pabaya kuliko walipo sasa. Sampuli ileile ya damu yaweza kupimwa MOG kwa ufundi uleule.

Dai langu linaweza kupimwa, na ningependa lipimwe. Kila mtu wa miaka 15 hadi 45 atakayefika hospitali za umma za kaunti sita za Pwani akiwa na neva ya jicho iliyovimba, uti wa mgongo uliovimba, au kwikwi na kutapika kwa zaidi ya siku mbili bila sababu, atolewe damu kabla ya steroidi, na damu hiyo ihifadhiwe na kupimwa, kwa miaka mitatu. Natabiri kwamba angalau mmoja kati ya watano atakuwa na kingamwili za akwaporini-4, na kwamba wenye NMO watawazidi wenye MS. Wakipungua chini ya mmoja kati ya kumi, basi Martinique haifai kuwa kioo cha Pwani, watetezi wa MRI watakuwa na haki ya kutangulizwa katika bajeti, nami nitaandika hivyo katika jarida hilihili.